Utafiti hauna cheo

Hotuba kwa wahudumu wa kliniki na vituo vya afya vya Eastlands, Nairobi. Imewekwa hapa nzima kwa ajili ya waliokuwa zamu siku hiyo. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Itifaki zote zikizingatiwa, hamjambo nyote?

Nawaona madaktari wamekaa mstari wa mbele, maafisa wa kliniki wenzangu nyuma yao, halafu masista, halafu wa maabara na wa famasia. Wahudumu wa afya ya jamii mmebanana pale mlangoni, na wa mapokezi sijui kama mlialikwa au mmejialika. Hakuna aliyewapanga hivyo, mmejipanga wenyewe. Mama zangu wa mlangoni, sogeeni mbele, viti viko. Tunawangoja.

Asanteni. Nimepewa mada ndefu: ushahidi wa utafiti katika matibabu ya kila siku, na ushirikiano wa wahudumu. Mkisikia ushirikiano mnatarajia ile methali ya kidole kimoja na chawa. Leo siitumii. Nina swali moja. Kituoni kwako, nani ana ruhusa ya kusema, "Daktari, hebu subiri kidogo"? Sista anayo? Kijana wa maabara anayo? Dada anayeandika kadi? Na akisema, atategemea nini? Cheo hana. Miaka ya kazi pengine hana. Kitu pekee ninachokijua kinachoweza kumpa mdogo nguvu ya kumsimamisha mkubwa bila kumvunjia heshima ni ushahidi ambao wote wawili waliukubali kabla mgonjwa hajaingia. Hilo ndilo nililokuja kulisema.

Tuanze na watoto. Wangapi hapa mlifundishwa kwamba mtoto mwenye homa kali, mikono na miguu baridi, mshipa ukipiga kwa udhaifu, anamiminiwa maji ya dripu upesi upesi? Inueni mikono. Naam, hata mimi. Vitabu vilisema hivyo, na hoja yenyewe ilikuwa na mantiki: damu haizunguki vya kutosha, basi jaza mishipa. Tena macho yalikubali. Unafungulia maji, baada ya muda mtoto anapata joto, anafungua macho, mama yake anakushukuru. Ungetaka ushahidi gani tena?

Watafiti wakiongozwa na Profesa Kathryn Maitland, wa Kilifi, walitaka. Jaribio hilo liliitwa FEAST. Katika kundi kuu waliingia watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania, katika hospitali ambazo hazikuwa na vyumba vya wagonjwa mahututi. Kila mtoto aliingia kundi lake kwa bahati nasibu. Kundi moja lilimiminiwa maji ya chumvi kwa kasi, jingine albumini, yaani maji yenye protini ya damu, kwa kasi, na la tatu halikumiminiwa kitu kwa kasi, lilipewa maji ya polepole ya kawaida. Matunzo mengine yote, dawa za malaria, antibayotiki, oksijeni, damu, yalikuwa sawa.

Januari 2011 waliambiwa waache kuandikisha watoto, kabla ya wakati. Kufikia saa 48, katika makundi mawili yaliyomiminiwa walikuwa wamefariki asilimia 10.6 na 10.5. Katika kundi lisilomiminiwa, asilimia 7.3. Hebu hesabuni wenyewe: katika kila watoto mia, watatu zaidi walikufa kwa sababu ya kitu tulichokuwa tukikifanya kwa nia njema.

Na kuna jambo jingine lililonikosesha usingizi kuliko hizo asilimia. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba, saa moja baada ya kuanza, waliomiminiwa maji ndio waliokuwa wameonekana kupata nafuu zaidi. Mnaelewa maana yake? Daktari aliyesimama kando ya kitanda hakuwa anajidanganya. Nafuu aliiona kweli. Macho yaliona nafuu, hesabu ikaona vifo. Macho yaliona saa moja, hesabu ikaona siku mbili. Hata ungefanya kazi wodini miaka thelathini, usingeweza kuligundua hilo kwa uzoefu peke yake, kwa sababu kila siku uzoefu ungekuambia unafanya vizuri. Wahenga walisema mazoea yana taabu, lakini sidhani walijua yana taabu kiasi hiki.

Hapa naomba utulivu, kwa sababu habari hii imewahi kusikika nusu. Wapo walioanza kuogopa dripu kwa kila mtoto. Hapana! Watoto waliokuwa wakiharisha hawakuingizwa katika jaribio lile, wala wenye utapiamlo mkali. Mtoto wa kipindupindu aliyekauka bado anahitaji maji, tena haraka. Utafiti hujibu swali uliloulizwa. Ukiuliza swali jingine, usilazimishe jibu lilelile. Kwa hiyo mtu akikuletea karatasi, swali la kwanza liwe: waliochunguzwa ni akina nani, na huyu wangu anafanana nao?

Na kwa kuwa tumetaja kipindupindu, nipitie hapo upesi. Mwaka 1971, wakimbizi wa Bangladesh walipokuwa wakifa kambini Bangaon, India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na maji ya mshipani. Akachanganya sukari na chumvi, akawagawia watu. Vifo katika wagonjwa waliopata mchanganyiko huo vilikuwa chini ya asilimia 4, pale ambapo karibu asilimia 30 walikuwa wakifa. Nani aliwanywesha? Ndugu za wagonjwa. Mama, shangazi, kaka. Kila tunapozungumza habari ya wahudumu kushirikiana tunawasahau hao, nitawarudia.

Sasa tuje nyumbani. Taifodi.

Mnacheka nini? Nani katika Nairobi hii hajawahi kuambiwa ana taifodi? Homa kidogo, kichwa kinauma, umechoka kwa kupanda matatu tangu alfajiri. Unatolewa damu, unakaa kwenye benchi, karatasi inarudi: Widal chanya. Unapewa siprofloksasini, unaenda nyumbani. Baada ya miezi michache, tena. Nilimwona mama mmoja wa Kayole akiwa na bahasha ya karatasi za namna hiyo, kutoka kliniki mbalimbali. Kila moja ilisema taifodi. Alikuwa ameshaamini ni ugonjwa usiopona, kama kisukari, na akawa amezoea kuununulia dawa kila msimu. Kumbe ana kifua kikuu. Aliyeuliza habari ya kikohozi hakuwa daktari wala afisa wa kliniki. Ni mhudumu wa afya ya jamii, aliyeenda kwake kwa shughuli nyingine, akakaa, akamsikia akikohoa, akamuuliza ni tangu lini. Akamwandikia barua ya rufaa, akamsindikiza mwenyewe hadi kituoni, na alipofika dirishani akaambiwa, "Mama, wewe ngoja nje."

Wa mapokezi, siwalaumu ninyi. Mlifundishwa hivyo na sisi.

Kipimo cha Widal kilitoka Ufaransa mwaka 1896, na Fernand Widal alikuwa mtu makini wa zama zake. Lakini hakimtafuti mdudu wa taifodi mwenyewe. Kinatafuta kingamwili, yaani kile mwili ulichotengeneza kupambana naye. Mtu aliyeugua zamani anaweza kuwa nazo. Aliyeambukizwa vijidudu vya ukoo wa karibu anaweza kuwa nazo. Katika mji ambao watu wengi wamekutana na vijidudu hivi, Widal moja yenye chanya inakuambia kidogo sana kuhusu homa ya leo. Cha kuaminika zaidi ni kuotesha vijidudu kutoka kwenye damu, ingawa hata hicho hukosa wagonjwa wengine, na wengi wetu hatuna uwezo nacho kituoni. Sisemi taifodi haipo. Ipo, hasa kwenye mitaa isiyo na maji safi, na ndiyo maana mwaka 2025 Kenya ilianza kuwachanja watoto dhidi yake. Ninachosema ni kwamba Widal si njia ya kuijua.

Je, wa maabara hawalijui hili? Mwulizeni kijana aliyekaa pale. Analijua vizuri kuliko mimi. Sasa kwa nini hasemi? Kwa sababu fomu imetoka kwa mkubwa, na kazi yake ni kupima. Na tuseme ukweli, maana wenye kliniki mko hapa: Widal inalipa kodi ya nyumba. Mgonjwa hataki kulipia mazungumzo, anataka kulipia karatasi. Mimi naona afadhali tumtoze ada ya haki ya kuonwa na kusikilizwa kuliko kumuuzia jibu ambalo sisi wenyewe hatuliamini. Najua wapo watakaokataa, na najua kodi haingoji.

Lakini nimeona kliniki moja ikijaribu. Walikaa pamoja, wote, pamoja na mwenye kliniki, wakasoma miongozo, wakakubaliana jambo moja dogo: anayeomba Widal aandike kwenye fomu ni kwa nini, na maabara ina ruhusa ya kurudisha fomu isiyo na sababu. Basi. Maombi yalipungua. Hakuna aliyegombezwa, hakuna aliyeitwa mjuaji. Kijana akirudisha fomu, si yeye anayekataa, ni makubaliano yao.

Wa famasia, hili nalo ni lenu. Chukua mgonjwa wa presha aliyekuja na karatasi ya perindopril pamoja na hidroklorothiazidi, na presha yake bado iko juu kila akipimwa. Jaribio lililoitwa CREOLE, lililochapishwa mwaka 2019, liliwachukua Waafrika weusi 728 wenye presha isiyodhibitiwa, katika nchi 6, Kenya ikiwemo. Mchanganyiko wenye amlodipini, ukiwa na hidroklorothiazidi au na perindopril, ulishusha presha zaidi kuliko ule usio na amlodipini. Dada wa dukani akimpigia simu aliyeandika dawa akasema, "Daktari, hebu subiri kidogo, presha ya huyu mzee haijashuka, na hana amlodipini," amekosa adabu? Wengine mnasema hapana kwa mdomo, na nyuso zenu zinasema ndiyo. Kama presha ya mgonjwa imetulia kwa dawa alizo nazo, mwacheni nazo. Haibadilishwi kwa sababu ya jarida.

Nani hapa anajua kama mgonjwa aliyemwona jana alikuwa mgonjwa wa kweli? Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti uliofanyika hapa hapa Nairobi. Watu walifundishwa kuigiza: mmoja ana pumu, mwingine dalili za kifua kikuu, mwingine maumivu ya kifua ya mtu mwenye shida ya moyo, mwingine ni mzazi aliyeacha nyumbani mtoto anayeharisha. Walipelekwa katika vituo 42, vya umma na vya binafsi. Kwa ujumla, takriban nusu tu ya hao walishughulikiwa ipasavyo, na dawa zisizohitajika zikawa nyingi. Nusu. Huo ni mji wenye hospitali kubwa kuliko zote nchini na vyuo vinavyofundisha udaktari na uuguzi.

Mtaniambia: basi tuleteeni miongozo. Miongozo tunayo! Iko kwenye kabati, mingine bado kwenye karatasi ya nailoni iliyokuja nayo. Kulikuwa na jaribio katika hospitali nane za wilaya, kama zilivyoitwa wakati huo, matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Zote nane zilipata miongozo ya kutibu watoto. Nne zilipata pia mafunzo marefu, mtu wa hapo hapo hospitalini wa kuwafuatilia wenzake, ziara za kuwasimamia, na kuonyeshwa matokeo yao ana kwa ana. Nne nyingine zilipata somo fupi na ripoti ya maandishi. Baada ya mwaka mmoja na nusu, zile zilizokuwa na mtu wa kufuatilia zilikuwa zimepiga hatua zaidi. Kitabu ni kilekile.

Hata simu imesaidia. Wahudumu wa vituo 107 vya mashambani hapa Kenya walihusishwa katika jaribio jingine. Waliokuwa katika kundi la kutumiwa ujumbe walipokea simuni kipande kifupi cha mwongozo wa malaria kwa miezi sita, pamoja na msemo wa kuwatia moyo. Watoto waliotibiwa malaria sawasawa waliongezeka kwa takriban alama 24 za asilimia, na miezi sita baada ya ujumbe kukoma bado tofauti ilikuwepo. Hakuna aliyefundishwa jambo jipya.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa damu baada ya kujifungua, na masista mnaojua chumba cha uzazi mtanisahihisha nikikosea. Mama akitokwa damu, tulikuwa tunakisia kwa macho. "Si nyingi sana." "Ni kawaida." Mnayajua hayo maneno? Utafiti wa E-MOTIVE, uliochapishwa mwaka 2023, ulifanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, kwa akina mama zaidi ya 200,000. Nusu ya hospitali ziliendelea na kawaida yao. Nusu nyingine zilimwekea kila mama mfuko wenye mistari ya vipimo wa kukinga damu, na damu ikifika kiwango, mambo yote yanafanywa kwa pamoja: kukanda mji wa mimba, dawa za kuukaza, asidi ya traneksamiki ya kupunguza kuvuja damu, maji ya mshipani, kumchunguza na kuita msaada. Zamani tulizoea kufanya moja, tukangoja, tukafanya la pili, tukangoja.

Kuvuja damu kulitambuliwa kwa asilimia 93, pale ambapo hospitali za kawaida zilitambua asilimia 51. Waliopata madhara makubwa, yaani kutokwa na lita moja au zaidi, kupasuliwa tumbo kwa sababu ya kuvuja damu, au kufa kwa kuvuja damu, walikuwa asilimia 1.6 dhidi ya 4.3. Sasa tazameni: dawa ipi hapo ilikuwa mpya? Hakuna. Zote zilikuwa vitabuni. Kipya ni kwamba muuguzi wa zamu ya usiku, mwenye miezi mitatu kazini, akiuona mstari kwenye mfuko haombi ruhusa ya kushtuka. Haanzi kujiuliza, je, nikimwamsha daktari na ikawa si kitu? Mstari umeshasema. Daktari akija hamuulizi kwa nini umeniamsha. Anauliza, tumefika wapi.

Mnaona kwa nini nilianza na viti?

Niliahidi kuwarudia ndugu za wagonjwa, na wagonjwa wenyewe. Kuna jaribio lililofanyika hapa Nairobi, kliniki ya Pumwani ikiwa mojawapo, na kule Kajiado, likachapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2010. Wagonjwa 538 walioanza dawa za kupunguza makali ya Ukimwi. Nusu yao walitumiwa ujumbe mfupi mara moja kwa wiki. Ujumbe ulisema hivi: "Mambo?" Basi. Haukutaja dawa, haukutaja ugonjwa, hata mume au jirani akishika simu hapati kitu. Mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya saa 48: Sawa, au Shida. Aliyesema Shida alipigiwa simu na mhudumu. Asiyejibu, vilevile. Waliosema wanameza dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62 katika kundi hilo, na 50 katika kundi jingine. Waliopata kuzima virusi, 57 dhidi ya 48.

Kwa upande mwingine, utafiti mwingine wa Kenya wa mwaka uliofuata ulijaribu ujumbe wa kila siku na wa kila wiki. Wa kila wiki ulisaidia, wa kila siku haukuleta tofauti. Wenye watoto wa sekondari nadhani hamhitaji maelezo.

Nawaomba mtazame ni nani aliyekuwa akifanya kazi ile. Si simu. Ni mhudumu aliyempigia aliyesema Shida, akamsikiliza. Ukituma "Mambo?" na hakuna wa kupokea jibu, umetuma tangazo. Na wahudumu wa afya ya jamii mmekuwa mkiuliza "Mambo?" mlango kwa mlango kabla mtu yeyote hajaifanyia utafiti. Tangu mwaka 2023 serikali imewaandikisha ninyi zaidi ya laki moja nchini, na sheria ya afya ya msingi ya mwaka huohuo inawataja. Mmepewa simu na mikoba. Kilichobaki ni sisi wa ndani ya kliniki kupokea jibu mnaloleta, na si kuwaambia mngoje nje.

Sasa niwape kazi, maana waandaaji wananionyesha saa.

Mwezi huu kila kituo kichukue daftari lake la wagonjwa wa nje. Chagueni jambo moja tu. Inaweza kuwa Widal, inaweza kuwa antibayotiki kwa mafua, inaweza kuwa wagonjwa wa presha walioondoka bila kupimwa presha. Hesabuni. Asihesabu mkubwa. Ahesabu sista na wa mapokezi, na mhudumu wa afya ya jamii kama ana nafasi. Halafu mkae nusu saa, mfunge mlango kama mnaweza, msome mwongozo unasemaje juu ya jambo hilo moja, mwandike makubaliano kwa sentensi isiyozidi mistari miwili, mbandike pale kila mtu anapopita. Mwezi wa tatu kuanzia sasa mhesabu tena. Mkija mkutano ujao leteni namba zote mbili, hata ya pili ikiwa mbaya kuliko ya kwanza. Jina la kituo msiandike, hatuko hapa kuchekana.

Maswali. Madaktari naona mikono yenu imeshapanda, ishusheni kidogo. Tutaanza na kijana wa maabara, halafu dada wa mapokezi aliyejialika.